Kijana mwenye ugonjwa wa wasiwasi katika kliniki ya akili ya watu wazima: hatua za kufuata

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu au daktari anayehudumu katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au mkoa, Tanzania au Kenya, mahali ambapo bingwa wa magonjwa ya akili ya watoto hayupo. Kliniki zetu zilipangwa kwa ajili ya watu wazima. Asubuhi benchi limejaa: wagonjwa wa skizofrenia wanasubiri sindano ya mwezi, wenye kifafa wamefuata dawa, na yupo mmoja aliyeletwa na ndugu wanne amefungwa kamba. Katikati yao ameketi kijana wa miaka 15, sare imepigwa pasi, mikono kaibana katikati ya magoti. Hasumbui mtu. Kwa sababu hasumbui, anaandikiwa amitriptyline (dawa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni) au diazepam (dawa ya kutuliza), anaambiwa apunguze mawazo, anaondoka. Mwezi ukipita anarudi vilevile, au harudi kabisa.

Vijana hawa ni wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na wasiwasi ni miongoni mwa matatizo yanayoongoza. Sehemu kubwa ya tiba yao inawezekana hapohapo ulipo, ukiwa na kalamu, karatasi na nusu saa ya mazungumzo.

Jambo moja kabla ya yote. Ukiweza, wapangie vijana mchana mmoja wa wiki, baada ya saa za masomo, wasikae benchi moja na wagonjwa walio katika hali kali. Kijana anayeogopa kuonekana "kichaa" akiona pingu au kamba siku ya kwanza, usitarajie kumwona siku ya pili.

Hatua ya 1: Msome kwenye karatasi za vipimo

Ni nadra kijana kuingia na kusema ana wasiwasi. Atasema tumbo linauma, kichwa kinagonga, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji. Mama ataongeza kwamba mtoto ana "presha" au vidonda vya tumbo. Kisha atafungua mfuko wa rambo na kukutolea rundo la majibu ya maabara: malaria, taifodi, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), taifodi tena, kipimo cha vidonda vya tumbo, na dawa za kila kimoja.

Usiyasukume pembeni. Yapange mezani kwa tarehe, wote wawili wakiangalia. Mara nyingi jibu linajitokeza lenyewe: karatasi zinaanza Januari, zinakoma Juni shule zinapofungwa, zinaanza tena Julai. Muulize mama tumbo huuma siku gani. "Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, daktari. Jumamosi anacheza tu na wenzake." Usiseme kwamba basi mtoto anasingizia. Maumivu ni ya kweli, kwa kuwa utumbo na ubongo vinawasiliana na hofu hukaza misuli ya tumbo. Ukimwita mwongo siku hiyo, umemaliza kazi kabla hujaianza.

Angalia pia mambo mengine: utoro unaoongezeka, kwenda chooni mara kwa mara kabla ya mtihani, kutolala peke yake akiwa na miaka 14, kumuuliza mama swali lilelile mara kumi, kukataa kutumwa dukani kwa kuogopa kuzungumza na muuzaji, hasira za ghafla anapolazimishwa kwenda mahali. Kwa wavulana hasira ndiyo huonekana kwanza, nao hupelekwa kwa mwalimu wa nidhamu badala ya kliniki.

Hatua ya 2: Zungumza naye peke yake

Anza na wote wawili, kisha sema waziwazi: "Mama, ninaomba nizungumze na mwanao dakika chache, halafu nitakuita ndani." Wazazi wengi wanakubali wakiambiwa kwamba ndivyo unavyofanya kwa kila kijana. Mama akishatoka, mweleze kijana mipaka ya siri: anayokuambia yatabaki hapa, isipokuwa kama maisha yake yako hatarini au kuna mtu anamdhuru. Mwambie hivyo kabla hajaanza kusimulia.

Usimkazie macho. Wengine huzungumza vizuri zaidi wakiwa wanachora, au mkiwa mmekaa upandeupande. Anza na mambo mepesi, anakaa na nani, anapenda somo gani, kisha ingia: "Kuna vijana huwa wanaogopa sana mpaka mwili unaumwa. Wewe huwa inakutokea? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Ulikuwa wapi?" Omba tukio moja, lisimuliwe tangu mwanzo hadi mwisho. Tukio moja lililosimuliwa vizuri lina faida kuliko orodha ya dalili ishirini.

Kisha uliza kuhusu kujiua, kila mara na kwa kila kijana. "Kuna wakati umewahi kutamani usingekuwepo? Umewahi kufikiria kujiua? Umepanga utafanyaje?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akiwa na mpango au aliwahi kujaribu, mengine yote yanasubiri: asiachwe peke yake, mzazi aitwe, dawa na sumu za shambani zifungiwe, na daktari wa zamu ajulishwe siku hiyohiyo. Mpe pia namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, inayofanya kazi Tanzania na Kenya.

Uliza pia kama kuna mtu anamgusa, anampiga au anamtisha. Ikiwa yupo, mhusishe ofisa ustawi wa jamii. Kwa Tanzania kuna dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi na vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowahudumia waliofanyiwa ukatili, katika baadhi ya hospitali.

Hatua ya 3: Hakikisha si mwili, si dawa, na si hatari ya kweli

Mpime mapigo ya moyo, shinikizo la damu, uzito. Sikiliza moyo kwa makini: homa ya baridi yabisi bado inaharibu mioyo ya vijana wetu, na msichana mwenye valvu mbovu anaweza kuletwa kwako akiambiwa ana mawazo. Angalia upungufu wa damu, tezi ya shingoni, pumu, sukari. Uliza kuhusu kifafa, hasa kama hofu inamjia kwa sekunde chache bila sababu na baadaye hakumbuki kilichotokea. Dawa ya pumu ya salbutamol hutetemesha mikono na kukimbiza moyo. Kijana anayetumia dolutegravir kwa ajili ya VVU anaweza kukosa usingizi. Usisahau vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo wanafunzi wanakunywa wakikesha kusoma, mirungi, bangi. Kipimo kifanyike mara moja, kwa utaratibu, kisha kikome. Kila kipimo cha nyongeza kinamthibitishia kijana kwamba kuna ugonjwa mkubwa uliojificha.

Hatari ya kweli ndiyo sehemu ninayowaomba wenzangu wasiipite haraka. Kijana anayeogopa shule kwa sababu anachapwa kila akikosea hesabu, au kwa sababu kuna kundi linamsubiri njiani, hana ugonjwa wa wasiwasi. Ana akili timamu inayomwonya. Kumfundisha kuvumilia hali hiyo ni kumkosea. Hapo mgonjwa ni mazingira, na kazi yako inakuwa barua kwa mkuu wa shule, kikao na mzazi, au ofisa ustawi wa jamii. Vivyo hivyo kwa mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada kila muhula: mahangaiko yake yana sababu inayohesabika kwa shilingi.

Hatua ya 4: Ujue ni wasiwasi wa aina gani

Swali la kukuongoza ni moja: *anaogopa nini kitatokea?* Anayeogopa kuchekwa au kuonekana mjinga mbele ya watu ana hofu ya kijamii. Anayeogopa kwamba mama atakufa akiwa mbali naye ana wasiwasi wa kutengana. Aina hii haiishii utotoni, na bweni huiibua upya. Anayewaza kila kitu, mitihani, afya ya bibi, vita alivyovisikia redioni, kwa miezi 6 au zaidi, ana wasiwasi wa jumla. Anayepatwa na hofu kali ya ghafla inayofika kileleni ndani ya dakika chache, akidhani anakufa, kisha akaishi akiogopa isirudi, ana ugonjwa wa hofu ya ghafla. Wengi wana aina mbili kwa pamoja, na wengi wana sonona juu yake, kwa hiyo iulizie.

Dodoso la kupima wasiwasi liitwalo GAD-7 lipo kwa Kiswahili na linajazwa kwa dakika tano. Maswali ni 7, yanahusu wiki 2 zilizopita, na jumla ni kuanzia 0 hadi 21. Alama 5 ni wasiwasi mdogo, 10 wa kati, 15 mkali. Litumie kufuatilia maendeleo kila mara anapokuja, ila usilitegemee kumpata kila mgonjwa. Maswali yake yanahusu mahangaiko ya jumla, kwa hiyo kijana anayeogopa jambo moja tu, tuseme kusimama mbele ya darasa, anaweza kupata alama 6 huku ameshaacha shule.

Kijana akisikia sauti zisizokuwepo, akiamini kwamba anafuatiliwa, au akijitenga na kubadilika kabisa ndani ya miezi, fikiria saikosisi (ugonjwa wa kupoteza uhalisia) inayoanza na uombe ushauri. Na akisimulia jambo baya lililompata ambalo linarudi katika ndoto, fikiria athari za kiwewe.

Hatua ya 5: Waelezee wote wawili, kwa maneno wanayoyatumia

Mwite mama ndani. Sema jina la ugonjwa. Hofu ni kinga ya mwili: moyo unakimbia ili miguu ipate damu, pumzi inaongezeka, tumbo linasimamisha kazi. Kwa kijana huyu kinga hiyo inawashwa hata pasipo hatari. Kwa anayepatwa na hofu ya ghafla, mwonyeshe hapohapo. Mwombe apumue harakaharaka kwa nusu dakika nawe ukipumua hivyo pamoja naye (usifanye hivi kwa mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo). Ganzi ya vidole, kizunguzungu na kifua kubana vitakuja. Kisha pumueni polepole, ndani kwa hesabu ya nne, nje kwa hesabu ya sita, mpaka vipungue. Nimeona vijana wakicheka kwa mshangao wakigundua kwamba kile walichokiita kifo kinaweza kuletwa na kuondolewa kwa pumzi tu.

Familia nyingi zimeshapita kwa shehe, mchungaji au mganga kabla ya kufika kwako. Uliza kwa heshima waliambiwa nini. Ukidharau majini na mapepo, watakuitikia "sawa daktari" na hutawaona tena. Waambie dua na maombi yaendelee sambamba na tiba. Kisichokubalika ni kumfungisha chakula mtoto mgonjwa, kumchanja, kumpiga au kumfunga. Hili litakufaa pia siku utakapoitwa katika shule ambayo wasichana wanaanguka kwa makundi. Mwaka 1962, Kashasha karibu na Bukoba, wasichana 95 kati ya 159 wa shule moja ya bweni walishikwa na vicheko na vilio visivyozuilika mpaka shule ikafungwa. Dhiki huambukizana pale vijana wanapobanwa pamoja, na kuwatenganisha kwa utulivu kunasaidia kuliko kukusanya watu wazima wanaopiga kelele.

Hatua ya 6: Jenga ngazi ya hofu

Hii ndiyo tiba yenyewe, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa kisingizio cha foleni. Kila anapokwepa anachokiogopa, kijana anapata nafuu ya muda, na ubongo unajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa. Kesho hofu inakuja imeongezeka. Njia ya kuivunja ni kukikaribia kile kitu kidogokidogo, kwa makusudi, mpaka ubongo ujifunze kitu kingine.

Chukua mfano wa binti wa kidato cha tatu anayeogopa kusoma kwa sauti darasani. Mpe karatasi, achore ngazi. Chini kabisa aandike jambo linalomtisha kidogo, juu kabisa lile asiloweza kulifikiria, na kila moja alipe alama kati ya 0 na 10. Yake inaweza kuwa hivi:

1. Kusoma aya moja kwa sauti katika chumba cha kliniki, mlango wazi (2)
2. Kumsomea mdogo wake (3)
3. Kuisoma mbele ya mama na shangazi (4)
4. Kumsalimia mwalimu na kumuuliza swali moja baada ya kipindi (5)
5. Kusoma mbele ya marafiki wawili darasani wakati wa mapumziko (6)
6. Kunyoosha mkono na kujibu swali la neno moja (7)
7. Kusoma mistari miwili darasani, mwalimu akiwa na taarifa (8)
8. Kusoma ukurasa, bila kupangwa (10)

Aanze na jambo la kwanza leo, akiwa kliniki, kabla hajaondoka. Kabla ya kulifanya mwulize anadhani nini kitatokea, na uandike: "Sauti itakatika, utanicheka." Baada ya kulifanya, someni mlichoandika. Je, kimetokea? Na kama kimetokea, kama sauti ilikatika kweli, je, aliweza kuendelea? Maswali haya mawili yanafundisha kuliko hotuba.

Kanuni ni chache. Kila hatua ya ngazi airudie mara nyingi kwa wiki, ikiwezekana kila siku. Asikimbie hofu ikiwa kileleni; akae mpaka itulie kiasi au mpaka aone kwamba anaweza kuibeba. Asipande mpaka aliyoifanya imeanza kumchosha kwa kuizoea. Akikwama, usimrudishe chini kabisa, ongeza kidaraja katikati. Pumzi ya polepole imsaidie kuanza, lakini isigeuke hirizi. Kijana anayeamini kwamba ameokolewa na pumzi hajajifunza kwamba hatari haikuwepo. Na ngazi iandikwe na yeye. Ukimwandikia wewe, ataipeleka nyumbani na kuiacha ndani ya daftari.

Mwenye wasiwasi wa jumla hana kitu kimoja cha kukikaribia. Kwake tengeneza saa ya mahangaiko: dakika 15 kila jioni, si kitandani, aandike yote yanayomsumbua na kuyagawa mawili, anayoweza kuyafanyia kitu na asiyoweza. Yaliyo upande wa kwanza yanapewa hatua moja ya kesho. Mengine yakija mchana yanaahirishwa mpaka saa ile.

Usidhani kazi hii inahitaji shahada ya saikolojia. Nchini Kenya, mradi wa Shamiri uliwafundisha vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne tu, bila hata kutumia ngazi hii. Utafiti wao wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha sonona na wasiwasi vikipungua kuliko kwa waliofundishwa stadi za kusoma.

Hatua ya 7: Mpe mzazi kazi, na shule pia

Mzazi mwenye upendo humjibia mtoto anapoulizwa jina, humlaza pembeni yake, humruhusu kubaki nyumbani "leo tu". Mzazi mwingine humwambia anadeka, au hana imani. Wote wawili wape sentensi moja ya kushika: "Najua unaogopa, na najua utaweza." Kisha mchague pamoja jambo moja la kuacha wiki hii, kwa mfano kumjibia. Moja tu. Swali la "mama, nitakuwa salama?" lijibiwe mara moja, halafu aulizwe, "wewe unaonaje?"

Usiandike ruhusa ya ugonjwa ya wiki mbili ili apumzike. Najua inaonekana ni huruma, lakini kila siku nyumbani inaongeza urefu wa lango la shule. Andika barua fupi kwa mwalimu wa malezi au matroni, kwa idhini ya kijana na mzazi: mwanafunzi anatibiwa, aanze na vipindi viwili kwa siku, wiki ijayo hadi saa sita, asisimamishwe mbele ya darasa bila kuambiwa mapema, asichapwe kwa kuchelewa, na awepo mwalimu mmoja anayeweza kumwendea kwa dakika kumi hofu ikizidi, kisha arudi darasani. Usitaje zaidi ya hapo. Shuleni habari husambaa kabla ya kengele ya chakula.

Hatua ya 8: Dawa, na kwa nani

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na wataalamu ni kwamba dawa zisitumike kutibu wasiwasi wa watoto na vijana. Ukiwa kwenye kliniki yenye daktari wa akili, nafasi ipo, kwa wale ambao ngazi imeshindikana baada ya wiki kadhaa za juhudi ya kweli, au hofu ni kali kiasi kwamba hawawezi kuanza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watoto na vijana 488 kwa wiki 12. Waliopata nafuu kubwa ni 81 kati ya 100 kwa tiba ya mazungumzo pamoja na sertraline (dawa ya sonona na wasiwasi), 60 kwa mazungumzo peke yake, 55 kwa sertraline peke yake, na 24 kwa kidonge kisicho na dawa.

Katika hospitali zetu kinachopatikana kwa urahisi ni fluoxetine, ya kundi moja na sertraline. Daktari huanza na miligramu 10 asubuhi, na kupanda hadi 20 baada ya wiki moja au mbili. Waambie mapema kwamba inachukua wiki 4 hadi 6 kuonekana kazi yake, na kwamba kichefuchefu na kutotulia vinaweza kuja mwanzoni. Uliza kama kuna ndugu mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia. Tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani inatahadharisha kwamba dawa za kundi hili zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya vijana: katika majaribio yaliyojumlishwa, 4 kati ya 100 waliotumia dawa, ukilinganisha na 2 kati ya 100 wasiotumia. Kwa hiyo mwone kila wiki kwa mwezi wa kwanza, na mzazi ndiye atunze dawa. Akipona, aendelee miezi 6 hadi 12, kisha ipunguzwe polepole wakati usio wa mitihani.

Diazepam isiwe tiba ya kijana huyu. Inatuliza usiku mmoja, inazoeleka ndani ya wiki chache, na inazuia ule ujifunzaji wa ngazi. Amitriptyline inaweza kuua akimeza vidonge vingi kwa pamoja. Kumpa kijana mwenye huzuni vidonge vya mwezi mzima ni hatari. Propranolol, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, usimpe mwenye pumu.

Hatua ya 9: Mfuate

Wiki mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Chukua namba ya simu ya mzazi na, kwa ruhusa yake, ya kijana. Kikao cha pili kiwe ndani ya siku 7, kifupi, kianze na ngazi: umepanda ipi, mara ngapi, nini kilitokea. Vikao 8 hadi 12 vinawatosha wengi. Kama nauli ni tatizo, kimoja katika kila viwili kifanyike kwa simu.

Mpeleke rufaa akiwa na hatari ya kujiua, dalili za saikosisi, amepungua uzito kwa kutokula, hajagusa shule kwa zaidi ya miezi miwili licha ya juhudi, au hajapata nafuu baada ya wiki 12. Barua ya rufaa iambatane na ngazi yake na alama zake za GAD-7, asianze upya kuhojiwa na mtu mgeni.

Kabla ya kumruhusu, kaeni na kalenda. Wekeni alama kwenye tarehe zinazojulikana kuwa nzito: kufungua shule Januari, mitihani ya kidato cha nne, kuhamia bweni jipya. Panga kikao kimoja wiki mbili kabla ya kila moja, na aje na ngazi mpya aliyoiandika mwenyewe.